Lambo Lilipofunikwa na Maua

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mche wa parachichi wa kupanda nyuma ya nyumba. Hapa Mbeya miche haikosekani, imepangwa kando ya barabara kwenye viriba vyeusi, na ukisimama kidogo tu vijana wanakuzunguka. Yule niliyemfuata alikuwa na adabu zake. Aliponiona nageuzageuza majani akasema, "Mama, kabla hujachagua, njoo nikuonyeshe kitu." Akanipeleka nyuma ya banda, kwenye beseni kubwa la bluu. Juu ya maji lilikuwa limekaa lile ua.

Nililijua kabla hajafungua mdomo. Majani ya mviringo yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, vikonyo vimevimba kama vitunguu, na katikati shada la maua ya zambarau iliyopauka, kila moja na doa la njano kwenye petali ya juu.

"Linaelea lenyewe," kijana akasema. "Halitaki udongo, halitaki mbolea. Ukiwa na kidimbwi nyumbani, wageni wanapiga picha tu."

"Mnaliitaje?"

"Sisi tunasema yungiyungi."

"Hilo ni gugu maji, mwanangu. Ukimuuzia mtu, mwambie asije akalitupa mtoni."

Akacheka kwa heshima, kama vijana wanavyomchekea mtu mzima aliyeanza hadithi wasiyokuwa na muda nayo. Sikumlaumu. Nilichukua mche wangu nikaondoka, lakini jioni ile sikuweza kufanya kazi yoyote ya maana. Nilikaa jikoni nikarudi Iringa, nikarudi kwa Bibi, kwenye msimu ule. Sasa na wewe kaa, nikusimulie.

Sisi tulikuwa tunaishi Kihesa, Iringa mjini, lakini utoto wangu wa kweli ulikuwa kwa Bibi. Kila shule zikifungwa, baba alitupakia mimi na mdogo wangu kwenye gari la mizigo, na tukifika njia panda baada ya Kalenga tulishuka tukamalizia kwa miguu. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu ya mteremko. Chini yake kulikuwa na lambo, lililochimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, na tuta lake refu lililoota nyasi. Chini ya tuta ndiko kulikokuwa na vinyungu.

Kama hukukulia Iringa, vinyungu ni vile vishamba vya bondeni vinavyolimwa kiangazi. Milima yote inakuwa kahawia, vumbi linakuingia mpaka kwenye meno, lakini bondeni kunabaki kijani kama kwenye nchi nyingine. Bibi alikuwa na maharage, mahindi ya kuchoma, maboga ya majani, na kona moja ya viazi. Maji yalitoka kwenye lambo kupitia bomba la chuma lililopita chini ya tuta, yakaingia kwenye mfereji, na kila mtu akafungua upande wake kwa jembe zamu yake ikifika. Kazi yetu watoto ilikuwa kumwagilia miche midogo kwa makopo yaliyotobolewa chini kwa msumari. Bado nausikia mlio wake, maji yakidondoka kwenye majani ya maboga.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukunja vidole. Tuliamka tukakuta Bibi ameshawasha moto, chungu cha kande kimeinjikwa tangu alfajiri, moshi umejaa paani unatafuta pa kutokea. Tulikunywa togwa ya jana ikiwa imeanza kuchachuka. Mchana tulishinda lamboni, tukikamata viluwiluwi na kuwatazama perege wakipanda juu kuhema. Bibi hakuwa na hofu, kwa sababu pembeni maji yalikuwa mafupi na yalikuwa meupe. Ukisimama juu ya tuta uliona hadi kokoto. Alikuwa akitwambia kila tulipotoka, "Muwe pale ambapo naweza kuhesabu vichwa," na kweli akiwa kibarazani alivihesabu.

Jirani wa Bibi, yule ambaye nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na lambo, hakuwa amekaa pale siku zote. Alizaliwa kijijini hapo, akaolewa na kijana wa hapo hapo, wakaondoka pamoja kwenda Mwanza ambako mume alipata kazi kwenye meli. Walikaa huko maisha yote. Mume alipofariki, jirani akarudi na cherehani, sanduku moja, na ndoo ya plastiki aliyoishikilia mapajani njia nzima, kwenye treni na kwenye basi. Ndani ya ndoo mlikuwa na ua.

Alitueleza habari yake jioni moja, akiwa anatwanga na Bibi kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Mume wake alipokuwa anarudi kutoka zamu, alikuwa akiinama gatini anachomoa shada moja kwenye maji na kumletea. Hakuwa mtu wa maneno, alisema jirani. Alikuwa analiweka mezani bila kusema kitu, kisha anauliza chakula. Lilikuwa linanyauka siku ya pili, naye analeta jingine.

Ndoo ikawa ndogo. Ua liliota watoto, na watoto wakaota watoto, majani yakawa yanabanana na kupanda juu ya ukingo. Jirani akauliza kama kuna ubaya akiliweka lamboni. Hakuna aliyeona ubaya. Bibi mwenyewe alishika mpini wa ndoo upande mmoja, jirani upande wa pili, wakateremka wakicheka kama wasichana, sisi nyuma yao. Wakalimwaga taratibu kwenye maji mafupi, pale ng'ombe wanapoingilia. Lilizunguka kidogo, kisha likatulia.

Nisikufiche, tulilipenda. Kijiji kizima kililipenda. Pasaka iliyofuata mashada yake yalikuwa mbele ya altare kwenye kanisa letu la kigango, na kina mama walisema hata mjini hawana kitu kama kile. Maharusi walikuja kusimama juu ya tuta ili maua yaonekane nyuma yao. Sisi watoto tulikuwa tunachuma vile vikonyo vilivyovimba na kuvikanyaga vipasuke. Lakini aliyelipenda kuliko wote ni mdogo wangu. Alikuwa hajaanza shule bado, mtoto wa maneno mengi na miguu isiyokaa, na kila alipopata shada alilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka.

Likizo ile ndoo ilipomwagwa, tuliondoka ua likiwa limeziba kona moja. Likizo iliyofuata, wakati wa masika, lilikuwa limefika katikati. Na mwezi wa sita, tuliposhuka njia panda na kutazama bondeni, sikuliona lambo. Niliona shamba. Shamba la kijani lenye zambarau juu yake, limenyooka toka ukingo hadi ukingo, na ng'ombe wamesimama pembeni wanalia kwa sababu hawaoni pa kunywea.

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyelitaja kwa jina. Alisema huko ziwani limewashinda watu wenye mashine, na kwamba mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka. Perege walikufa kwanza. Tuliwakuta pembeni wameelea, matumbo juu. Kisha wakaja mbu, ambao zamani kwa baridi ile tulikuwa hatuwajui sana. Maji tuliyochota yakawa na harufu ya kitu kilichooza, Bibi akawa anayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa, na bado chai ilikuwa na ladha ya tope. Mwisho mizizi iliingia kwenye bomba chini ya tuta ikalisokota na kuliziba. Mfereji ukakauka.

Maharage ya Bibi yalikuwa yanaanza kutoa maua. Tulibeba maji kwa ndoo kutoka kisima cha mbali, asubuhi na jioni, mimi na yeye, mpaka shingo zikauma. Maharage hayakupona. Yalikunja majani, yakawa ya njano, siku moja upepo ukapita ukayapukutisha. Bibi alisimama katikati ya kinyungu chake. Kisha akapandisha mteremko, akapita mbele ya nyumba ya jirani, na kwa mara ya kwanza hakusema "Kamwene."

Naye jirani alikuwa amesimama mlangoni akiisubiri salamu hiyo.

Tangu siku ile kila mmoja akawa na kinu chake. Hatukutumwa tena kwa jirani kuomba moto wala chumvi. Na haikuwa kwa Bibi tu, wote walimgeuka. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao kuhusu kusafisha lambo, watu wakaja, wakakaa, lakini ilipofika kupanga siku ya kazi mzee mmoja akasema, "Aliyelileta alitoe," na wengine wakanyamaza kwa namna ya kukubali. Jirani alikuwepo, amekaa nyuma. Akasema, "Nitalitoa." Na kweli kila asubuhi tulimwona kwenye maji peke yake, kanga imefungwa kiunoni, anavuta na kutupa juu. Mahali alipopasafisha wiki nzima palijazwa na mengine wiki iliyofuata. Bibi alimwona kutoka kibarazani. Alikuwa anatazama, kisha anageukia upande mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya likizo fupi ya mwezi wa tisa. Upepo wa vumbi ulikuwa unavuma. Mimi na Bibi tulikaa kibarazani tunapukuchua mahindi, na watoto wengine walikuwa wanacheza bondeni. Kande ilipoiva Bibi akaita kwa sauti yake ile iliyofika mbali, watoto wakapanda mbio, wale wa nyumba za karibu. Mdogo wangu hakuwemo.

"Mwenzenu yuko wapi?"

"Alibaki anachuma maua," mmoja akajibu, mkono tayari kwenye sahani.

Bibi akanitazama. "Nenda kamwite. Mwambie kande inapoa."

Niliteremka nikiita. Nilifika pale ng'ombe walipokuwa wakiingilia, kwenye tope. Kandambili yake moja, nyekundu, ilikuwa imesimama wima ndani ya tope, kama mguu umetoka humo sasa hivi. Mbele ya kandambili magugu yalikuwa yamevunjika na kutengana, na katikati yake palikuwa na mwanya wa maji meusi. Upepo ulikuwa unasukuma magugu. Nilikuwa bado natazama ule mwanya ulipojifunga.

Nikachomoa kandambili nikakimbia kwenye nyumba iliyokuwa karibu, na nyumba iliyokuwa karibu ni ya jirani. Alikuwa anashona. Cherehani ikasimama. Alitazama uso wangu, akatazama kandambili mkononi mwangu inayodondosha tope. Alinipita mlangoni akikimbia, akaingia kwenye maji na nguo zake zote, na huko majini ndiko alikopigia yowe.

Watu walikuja. Walikuja wale waliosema aliyelileta alitoe, walikuja na wake zao, na reki, na mapanga, na kamba za kufungia ng'ombe. Mwalimu alivua viatu akaviacha juu ya tuta na soksi ndani yake. Katekista alikuja akikimbia kutoka kanisani juu ya kilima, ambako alikuwa amemaliza kusimamia usafi wa Jumamosi, akaingia majini hadi kifuani. Wanaume walijipanga mstari wakawa wanakata magugu vipande vikubwa kama mikeka, wanawake wanavuta kwa kamba, watoto wakubwa tunayaburuza juu ya tuta. Hakuna aliyeongea zaidi ya "vuta," "shika," "huku." Mizizi ya gugu maji ni mirefu na myeusi, ni laini, ukiigusa chini ya maji ni kama nywele. Kila mara mtu alipoingiza mkono na kushika mizizi, uso wake ulibadilika, na sote tulisimama, mpaka aliponyanyua na kuona ni majani.

Bibi alifika akasimama ukingoni. Alichukua kandambili kutoka kwangu akaishika kwa mikono yote miwili. Hakulia. Nilimshika nguo yake. Usoni alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza.

Jirani alikuwa mbele ya wote, pale kwenye kina, maji yakimfika mabegani. Midomo ilikuwa imekuwa ya bluu. Mwenyekiti alimwambia atoke apumzike, hakusikia. Alikuwa anavuta na kutupa, anavuta na kutupa, na alikuwa anasema peke yake kwa sauti ya chini, "Nimemuua mtoto wa watu. Nimemuua mtoto wa watu." Maji yanabeba sauti. Bibi alisikia. Nilijua kwa sababu alifumba macho.

Jua lilianza kuegemea milima. Nusu ya lambo ilikuwa wazi sasa na hatukuwa tumepata kitu. Mwenyekiti akatoka majini, akamvuta katekista pembeni, wakanong'ona. Kisha katekista akapanda kilima kwenda kugonga ringi, lile ringi la gari lililoning'inizwa kwenye mti nje ya kanisa badala ya kengele. Lilikuwa na mapigo yake. Jumapili lilipigwa haraka haraka, lakini kwa msiba lilipigwa taratibu, moja, unasubiri, jingine, ili watu wa vijiji vya ng'ambo wajue waje. Hakuna aliyetuambia atapiga vipi. Tulijua.

Pigo la kwanza lilipoteremka bondeni, mikono yote ikasimama. Wanawake wakaanza kilio. Likaja la pili. Tukasubiri la tatu, halikuja. Ukabaki upepo tu. Halafu ringi likaanza kulia kama kichaa, haraka haraka, haraka kuliko Pasaka, bila mpango, na katikati yake sauti ya katekista inaita maneno tusiyoyasikia.

"Huyu amechanganyikiwa," Mwalimu akasema.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu nilikuwa natazama juu na sio majini. Katekista alikuwa anashuka kilima kwa kukimbia, nguo zake bado zinachuruzika, na mabegani kwake kulikuwa na kitu chenye gauni la njano, kinarukaruka na kushikilia masikio yake. Nilisema, "Bibi." Nilivuta nguo yake nikasema tena, "Bibi." Akainua macho. Akatazama kwa muda, kama haamini kwamba umbali ule unaweza kuwa na mtoto mzima. Kisha akaketi kwenye tope, pale pale.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alichuma maua, tope likamvua kandambili moja, naye akaona mikono imejaa, akaiacha. Akapanda na maua yake kwenda kanisani, maana Pasaka ndiko alikoyaona. Kina mama wa usafi walikuwa wameshaondoka. Alikuwa anayapanga altareni aliposikia hatua za katekista, na kwa kuwa watoto tulikatazwa kukanyaga pale, akajificha nyuma. Katekista akafunga mlango kwa kufuli kama kila Jumamosi. Hakuwa amefika mbali alipolisikia yowe la bondeni, akakimbia na ufunguo mfukoni. Mtoto aliita akachoka, alilia akachoka, na sote tulikuwa chini tukimtafuta kwa kelele zetu. Katekista alisimulia hadi uzee wake: alipiga ringi mara ya kwanza, akasikia mlango unajibu. Akadhani ni mwangwi. Akapiga ya pili, mlango ukajibu tena, ngumi ndogo, kwa hasira.

Alipotuliwa mbele ya Bibi, macho yamevimba, kamasi hadi kidevuni, alitazama umati wote ule uliolowa, akaona kandambili. Akasema, "Bibi, tope lilinivua, na huyu akanifungia."

Ndugu yangu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu wazima walishikana wakicheka na kulia, wanaume wakaketi kwenye marundo ya magugu na kujifuta macho kwa mikono ya tope. Bibi alimbana mdogo wangu kifuani mpaka akalalamika. Kisha akatazama majini.

Jirani alikuwa bado yumo. Amesimama peke yake pale kwenye kina, mikono inaning'inia, anamtazama mtoto. Hakucheka, hakusogea. Nadhani miguu ilikuwa imekufa ganzi, au alikuwa hajui kama anaruhusiwa kutoka. Bibi alinipa mtoto nimshike. Akaingia kwenye maji na raba zake miguuni, taratibu, maji yakapanda magotini, kiunoni, hadi akamfikia na kumshika mkono.

"Toka, mwenzangu. Utaugua."

"Mimi ndiye niliyelileta," jirani akasema.

"Tulilileta wawili. Mimi nilishika ndoo." Bibi akamvuta kidogo. "Toka tukanywe uji."

Walitoka wameshikana, wanateleza, kila mmoja anamzuia mwenzake asianguke. Usiku ule jirani alilala kwetu, amefunikwa mablanketi yote ya nyumba ile, na mdogo wangu amelala katikati yao. Kesho yake, kwenye ibada, maua yalikuwa bado altareni, yamenyauka, yamelala upande. Katekista hakuruhusu mtu ayatoe mpaka ibada ilipoisha.

Na lambo? Tulipotulia ndipo tulipoona tulichofanya. Katikati palikuwa na maji wazi, mapana, na mbingu ndani yake. Katika hofu yetu tulikuwa tumetoa kwa mchana mmoja kile ambacho vikao vilishindwa. Jumatatu hakuna aliyeitwa, lakini watu walikuja na kamba zao wakamaliza, wakalizibua na bomba, na maji yalipotoka kwenye mfereji kwa kikohozi na tope jeusi, wazee walisimama kuyatazama. Magugu yalioza kwenye mashimo yakawa mbolea. Maharage ya Bibi ya mwaka uliofuata yalikuwa mazito hadi akawa anayagawa njiani. Kwa miaka mingi baadaye yeye na jirani waliteremka pamoja kila wiki, wakizunguka ukingo wote wameinama, wakichomoa kila mche mdogo uliochomoza kutoka kwenye tope. Nilimwuliza jirani mara moja kama halikumbuki lile ua. Alifikiri. Akasema, "Namkumbuka aliyekuwa akilileta."

Krismasi iliyopita tulikwenda, mimi na mdogo wangu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na bado ana maneno mengi. Bibi na jirani wamelala mahali pamoja, nyuma ya kanisa. Kanisa ni jipya, na pale nje wamefunga spika. Katekista hayupo, Mwalimu alihamia Mafinga na sikumpata. Kila nyumba ina bomba lake uani, jambo ambalo kina Bibi wangelifurahia sana, na kwa hiyo hakuna anayeteremka tena bondeni na ndoo. Vinyungu vimebaki vichache, kwingine wamepanda miti ya mbao. Kelele zile za watoto na makopo na wanawake wanaogombania zamu za mfereji hazipo. Nilisimama juu ya tuta nikazitafuta masikioni.

Lakini maji yapo. Nilitazama ukingo mzima, kona hadi kona, na hapakuwa na jani hata moja.

Mdogo wangu alivua viatu, akainua gauni, akaingia. Watoto wake wakamfuata wakipiga mayowe kwa baridi. Nilitaka kumwita arudi, neno lilishafika mdomoni. Nikalimeza. Alikuwa amesimama, maji yanamfika magotini, anageuka kunicheka kwa woga wangu, na kutoka kule juu niliona miguu yake yote miwili chini kwenye kokoto, na vidole vyake kimoja kimoja.